Doa Kwenye Kalenda ya Mtaa

Ukitaka kumjua Kasmir, nenda kapige picha ya pasipoti kwake. Studio yake ni kichumba kilichobanwa kati ya duka la vyombo vya plastiki na duka la mapazia la Saif, kwenye mtaa mmoja wa ndani kabisa Kariakoo, ambako ukiinama kufunga kamba ya kiatu utapitiwa na mkokoteni. Atakukalisha kwenye stuli, atakushika kidevu bila kuomba ruhusa, atakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai, kisha atakwambia maneno anayowaambia watu wote, awe mwanafunzi, awe shehe, awe bibi harusi: "Masikio yote mawili niyaone. Usicheke. Angalia hapa." Picha ikishatoka, kama una chunusi ataifuta kwenye kompyuta wala hatakuambia. Kasmir hawezi kuona doa akaliacha. Ndivyo alivyo tangu ateremke kutoka Kilema, Uchagani, akiwa kijana, na kamera ya kuazima shingoni.

Lakini hiyo ni kazi ya mchana. Jua likianza kulegea, Kasmir humwachia mkewe Evarista studio, hutia kamera kwenye begi lake kuukuu la mgongoni, akakata mitaa kwa miguu mpaka Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Watu wengi wa Dar wanaujua Msimbazi siku umefurika tu, siku unapofunga barabara na kuwalaza watu njiani. Siku nyingine wanaupita wakiwa wameziba pua. Kasmir anautazama. Anajua wale ndege yangeyange wanarudi saa ngapi kutoka kwenye madimbwi, weupe pe, kana kwamba hawajawahi kukanyaga tope. Anajua mdiria, yule ndege mvua samaki, anakaa kwenye nguzo ipi iliyobaki ya zile nyumba zilizohamwa kwa mafuriko. Anajua pia jioni ambayo moshi wa majiko upande wa Magomeni utaipaka mbingu rangi ya machungwa, na jioni ambayo itakuwa ya kijivu tu, ya kumrudisha mtu nyumbani mapema.

Na picha hizo zilikuwa na kazi yake. Kila mwisho wa mwaka wenye maduka wa mtaa ule huchanga na kutoa kalenda moja ya ukutani: juu picha kubwa, katikati miezi, chini majina ya maduka yote. Mteja wa mkoani atasamehe mambo mengi, lakini ukimnyima kalenda umempoteza. Tangu desturi hiyo ianze, picha ya juu ilikuwa ya Kasmir, na pembeni, kwa herufi ndogo kama ulezi, iliandikwa: Picha na Kasmir.

Desemba ikifika, Wachaga wakifunga maduka na kupanda kwao mpaka Kariakoo ikapata nafasi ya kupumua, Kasmir naye alipanda na kalenda yake. Akifika Kilema, kabla hata ya kunywa maji, aliibandika kwenye ukuta wa sebule ya mama yake, juu ya ile ya mwaka uliopita. Mama hakuwahi kubandua ya zamani hata moja. Ukuta ule ulikuwa na kalenda juu ya kalenda, ukiugonga unasikia umevimba. Jirani akiingia, mama alimwonesha kwa fimbo yake: "Mwanangu ndiye aliyepiga." Mama huyo hajawahi kufika Dar. Kwake yeye Dar ni ndege na jua linalozama, na vyote viwili ni mali ya mwanawe.

Kwa hiyo mtu asije akadhani kilichokuja kumuuma Kasmir ni karatasi. Kilichomuuma ni ule ukuta.

Rasha ni binti wa Saif, mwenye duka la mapazia. Amekua mbele ya mlango wa studio, na picha yake ya kwanza ya shule ilipigwa na Kasmir, akiwa amenuna, masikio nje. Alipomaliza chuo akarudi kumsaidia baba yake dukani, na siku moja akaja kwa adabu zote.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Pasipoti?"

"Hapana, anko. Naomba unifundishe kupiga ndege. Hizi picha zako za mtoni nazipenda tangu mtoto."

Nani asingefurahi? Kasmir alifurahi mpaka akasahau kumdai mteja aliyekuwa kwenye stuli. Kuanzia hapo Jumapili mchana walitoka watatu, Kasmir, Rasha na Evarista na chupa yake ya chai, wakaenda kukaa ukingoni mwa Msimbazi. Kasmir alifundisha kama alivyojua yeye. "Tulia. Usimkimbilie. Ndege akigeuka akakutazama usoni, hapo hapo bonyeza. Ukimpata wa ubavu umepata nusu ya ndege. Ukimpata akiondoka hujapata kitu."

"Sawa, anko," alisema Rasha, kisha akaenda kusimama mbali na simu yake na kupiga ndege wakiondoka.

Alipiga migongo. Alipiga vivuli kwenye maji machafu, unyoya uliobaki kwenye tope, jua lililonaswa ndani ya chupa iliyotupwa. Kasmir alitikisa kichwa na kumwonea huruma. Jumapili moja mbingu iliwaka kuliko alivyowahi kuiona mtu, yangeyange wakaja kundi zima, na Kasmir wakati huo alikuwa ndani ya matete akimsubiri mdiria kwenye nguzo amgeukie. Evarista alimwita, "Baba Jovin, tazama juu!" Akampungia mkono anyamaze, ndege asije akaruka. Mdiria aligeuka mwishowe, akamtazama sawasawa. Kasmir alipoinuka mbingu ilikuwa imeshakuwa jivu, na wenzake walikuwa wanakunja mkeka.

Kisha Rasha akaanza kuziweka picha zake mtandaoni.

Mwanzo Kasmir hakujali. Halafu mteja mmoja, akiwa kwenye stuli kidevu mkononi mwa Kasmir, akasema, "Fundi, hivi umeziona picha za mto za binti Saif? Huwezi amini ni Msimbazi uleule." Kasmir alikiminya kile kidevu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Simu za siku hizi zinapiga zenyewe," alisema. "Angalia hapa."

Kesho yake akaja mwingine na habari ileile. Keshokutwa wawili. Muuza kahawa akasimama mlangoni, si kwa Kasmir, kwa Saif, akampa hongera ya kuzaa. Wachukuzi wa mizigo walioshindwa kwa miaka mingi kuigeuzia shingo picha hata moja ya dirishani kwa Kasmir walipeana simu wakisema, "Oya, cheki hii."

Kasmir aliona wivu. Tuseme lilivyo, hakuna haja ya kulizungusha. Ulimshika tumboni kama maharage yasiyoiva, ukapanda kifuani, ukakaa. Mwenyewe hakuuita wivu, aliuita ushauri. Alikuwa akimsimamisha Rasha mlangoni na kumshauri: hapa umekata mguu wa ndege, hapa mwanga umezidi, hapa sijui ulikuwa unapiga nini. Msichana alisikiliza yote na kusema ahsante, jambo lililomuudhi Kasmir zaidi. Mtu ukimpiga kijembe akikushukuru unabaki na kijembe chako mkononi.

Saa za chakula alijificha nyuma ya pazia la studio kuzitazama picha za Rasha moja moja, akitafuta mbovu. Siku moja kidole kikateleza na moyo mwekundu ukawaka chini ya picha. Kabla hajajua namna ya kuuzima, sauti ikatoka duka la pili: "Ahsante anko! Umenipa nguvu!" Evarista alicheka mpaka akakaa chini.

"Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda," alimwambia mumewe. "Nawe huna mwili wa kukonda."

"Nani ana wivu? Na mtoto?"

"Haya. Kula."

Ulipofika wakati wa kupanga kalenda, wenye maduka walikutana kwa Saif, katikati ya majora ya mapazia, kahawa na kashata zikizunguka. Kasmir alikuja na bahasha yake kama kila mwaka. Ndani alikuwa na yule mdiria, kifua mbele, macho kodo. Aliipitisha bahasha. Ilizunguka, watu wakasema nzuri, nzuri, ikarudi. Kisha Zakayo, mwenye duka la vyombo vya plastiki, akakohoa.

"Mangi, usikasirike," alisema. Mchaga yeyote mwenye duka Dar ni Mangi, na Kasmir alishazoea. "Ndege wako wazuri. Ila wote wanatutazama kama wanaomba pasipoti."

Kicheko kililipuka mpaka barabarani. Kasmir naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, na kicheko chenyewe kilimkwaruza koo. Sasa nani angeweza kubisha? Ilikuwa kweli. Alizipitisha kichwani kalenda zake zote, moja baada ya moja, na kila ndege aliyemwona alikuwa amekaa wima, amenyamaza, anamwangalia yeye. Kama wangekuwa na masikio, yangekuwa nje.

Saif alimfuata mlangoni. "Jirani, Wallahi mimi nilinyamaza. Ni mwanangu, ningesema nini? Wenzetu ndio wamesema tujaribu ya Rasha mwaka huu."

"Hamna neno, Sheikh."

"Ila kuisafisha na kuipeleka kwa mchapaji ni kazi yako ileile. Hiyo hatumpi mtu mwingine."

Ndivyo ilivyotokea kwamba Kasmir, kwa mkono wake mwenyewe, alichomeka flashi ya Rasha kwenye kompyuta yake na picha ikafunguka.

Ilikuwa nzuri. Alijua kabla hajaikuza, na kujua huko kulimkata maini. Mbingu ilikuwa ya machungwa kutoka Magomeni mpaka ukingoni mwa picha, ikapasuka juu na kutoa zambarau. Yangeyange walikuwa wanaondoka, migongo mitupu, hakuna hata mmoja aliyegeuka, na mtu ukiwatazama unataka kuwaita. Maji yale yale ya Msimbazi, ambayo hata mbwa huyafikiria mara mbili, yalikuwa yamezibeba rangi zote. Kasmir aliitazama mpaka shingo ikauma. Alijisemea kwamba miaka yote ameenda pale, na mbingu hiyo ilikuwa haki yake, na mtoto wa juzi ameichukua kwa simu akiwa anakunywa chai ya mke wake.

Kisha akaliona. Pembe ya chini, kushoto, ndani ya matete: doa. Kitu cheusi chenye nundu, kikubwa kiasi cha ukucha wa kidole gumba, kama gunia lililobebwa na mafuriko likakwama. Mbingu ilipita juu yake na lenyewe likabaki jeusi tii, likiharibu kona nzima.

Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kumbe naye anakosea.

Kwa mteja yeyote angelifuta mara moja. Alisogeza mshale wa kompyuta mpaka juu ya doa, kidole kikiwa tayari, mazoea ya maisha yake yote yakimvuta. Akaondoa mkono. Waone wenyewe, alisema moyoni. Wapelekewe mikoani, wabandike ukutani, walione doa hilo mwaka mzima, ndipo watajua tofauti ya fundi na mwenye simu.

Evarista alipita nyuma yake na ndoo ya maji ya kudeki. Akasimama.

"Hicho cha kwenye kona hukifuti?"

"Si picha yangu."

Evarista aliinama karibu na kioo cha kompyuta. Akamtazama mumewe, akaitazama picha, akamtazama mumewe tena. "Umeiangalia vizuri lakini?"

"Nimeiangalia kuliko aliyeipiga."

"Kweli nyani haoni kundule," alisema Evarista, akaenda kudeki huku anatingishika mabega kwa kicheko. Kasmir aliona ni masimango yake ya kila siku, akaipeleka picha kwa mchapaji.

Jioni yake Rasha alichungulia mlangoni. Alionekana ana wasiwasi. "Anko, kile cha kwenye pembe, umekiona?"

"Nimekiona."

"Umekifuta?"

"Nimekiacha kama kilivyo."

Uso wa msichana ulichanua. "Ahsante, anko. Niliogopa sana utakifuta. Bila hicho ingekuwa mbingu tu."

Kasmir alibaki ameshangaa. Mtoto hajui hata kosa lake, alijisemea. Usiku huo alikula vizuri.

Kalenda zilipotoka, alikaa mlangoni kusubiri mtu wa kwanza kulisema lile doa. Hakutokea. Watu walizifungua palepale barabarani, wakazuiana njia, wakasema mashallah, wakazikunja polepole. Mama mmoja wa Singida aliomba mbili. Saif alikuja akamshika Kasmir bega. "Umefanya uungwana, Mangi. Mwingine asingekubali." Kasmir hakuelewa uungwana gani, akadhani ni ule wa kutonuna. Pembeni mwa kalenda, kwa herufi zilezile za ulezi, iliandikwa Picha na Rasha.

Ikabaki safari ya Kilema. Hapo ndipo wivu ulipomwonesha meno yake yote. Angemwambia nini mama? Kwamba mwaka huu ndege si wake? Kwamba ukuta umechukuliwa na mtoto wa jirani? Basi lilipoondoka Dar alikuwa ameshaamua kwamba hatasema uongo, atanyamaza tu. Mama hasomi herufi ndogo. Ataibandika kama kila mwaka, mama ataonesha kwa fimbo, atasema mwanangu ndiye aliyepiga, na yeye Kasmir atakuwa nje akikagua migomba. Kunyamaza si uongo. Alijirudia maneno hayo kutoka Chalinze mpaka Same, na Evarista kwenye kiti cha pili alikuwa amelala, au alijifanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mmefika salama? Iko wapi?"

Mama hakuulizia zawadi nyingine. Kasmir alipaka gundi, akaibandika juu ya ile ya mwaka uliopita, akaipangusa kwa kiganja mpaka pembe zikashika. Majirani wawili, kina mama wa rika la mama yake, walikuwa wameshaingia na kukaa, maana habari za kalenda ya Kasmir huwafikia kabla ya Kasmir. Akajifuta mikono. Akaanza kuuendea mlango.

"Subiri," alisema mama.

Alivaa miwani. Alijikongoja mpaka ukutani, pua karibu iguse karatasi. Fimbo yake iliinuka, ikalipita jua bila kusimama, ikawapita ndege wote, ikashuka polepole mpaka pembe ya chini, kushoto, ikagota juu ya doa.

"Kasmir."

"Naam, mama."

"Mwaka huu amekupiga nani?"

"Amenipiga nani wapi?"

"Si huyu hapa. Umeinama kwenye majani. Bega la kushoto limeshuka." Mama aliwageukia wenzake. "Mtazameni, ni baba yake huyo akikata majani ya ng'ombe. Ndivyo alivyokuwa anainama, nikimwambia atavunjika mgongo hasikii."

"Yeye kabisa," alisema mmoja wa majirani.

Kasmir alirudi ukutani. Aliinama kutazama, na alipoinama akalihisi bega lake la kushoto likishuka lenyewe. Lile halikuwa gunia. Nundu ilikuwa begi lake la mgongoni. Kile kilichochomoza mbele kilikuwa kiwiko, na mbele ya kiwiko kamera, imeelekezwa chini, kwenye nguzo ya mdiria. Ilikuwa Jumapili ile. Mbingu yote ilikuwa inapita juu ya mgongo wake, na yeye ndani ya matete akimsubiri ndege amtazame.

Nyuma yake Evarista alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

"Nimekuuliza, ni nani?" alisema mama.

Kina mama walikuwa wanamngoja. Ule uamuzi wake wa tangu Dar ulikuwa hauna kazi tena, kwa sababu hakuna mtu, hata akiwa fundi wa namna gani, anayeweza kuupiga picha mgongo wake mwenyewe akiwa mtoni.

"Ni mtoto wa jirani yangu dukani," alisema. "Anaitwa Rasha."

"Rasha," alisema mama, akilijaribu jina mdomoni. Kisha akawaambia wenzake, kwa majivuno yaleyale ya kila mwaka, na fimbo ileile: "Rasha ndiye aliyepiga."

Loo! Kasmir aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake yote mawili, ndani ya nyumba aliyozaliwa. Wivu ulimchoma upya, na safari hii ulikuwa umechanganyika na kitu kingine, hata hakujua alie au acheke.

"Miaka yote hii unaniletea ndege," mama alimwambia, sasa kwa sauti ya chini. "Nawatazama, wananitazama. Nikawa najiuliza, wewe mwenyewe uko wapi? Leo ndiyo nimekuona kazini." Akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya khanga. "Huyo mtoto utampelekea mkungu wa ndizi, nikuchagulie mimi. Na kahawa yetu."

"Sawa, mama."

"Na kingine."

"Naam."

"Ya mwakani usije ukaibandika juu ya hii. Hii isifunikwe. Wewe tafuta ukuta mwingine."

Kasmir alisimama katikati ya sebule na kopo lake la gundi, akazitazama kuta. Mmoja una dirisha. Wa pili una picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na huo haukuwa na mjadala. Wa tatu umejaa kabati la vyombo kutoka pembe hadi pembe. Wa nne ulikuwa umeshachukuliwa, na aliyeukalia ni yeye mwenyewe, kainama, kawapa watu mgongo, hata sikio moja halionekani.